Sakafu Ina Maji

Mwezi wa kwanza sikumpa chochote cha kupika.
Nilimpa brashi, ndoo, na mapipa kumi na manne,
nikamwambia: pombe ni usafi, shayiri ni mgeni tu.
Nyevu akaosha. Magadi yakamla kucha,
viatu vya mpira vikampasua visigino,
na kila Ijumaa aliweka pua mdomoni mwa pipa
akasema, "Hili bado,"
kabla sijalisema mimi.

Kiwanda chetu kiko Malindi, njia ya kwenda Ganda,
nyuma ya duka la saruji: mabati, matangi matatu,
na kibao ambacho mchoraji alikosea herufi moja.
Hapo nimefundisha watu tisa.
Wa kwanza alihamia Mtwapa na daftari langu la vipimo.
Wa pili aliolewa Taveta. Wa tatu, Mwagandi,
alikuwa na bidii mno ya kuonja.
Wengine niseme nini? Hoteli za Watamu
humngoja mtu aive, ndipo zimchukue
kama mwewe na kifaranga aliyekwisha kunona.
Hazilei. Zinabeba.

Lakini huyu nilimfikisha mwisho.
Nilimfundisha kusikiliza chachu usiku,
puk, puk, kama mtoto anayenyonya,
na ikinyamaza mapema ujue kuna jambo.
Kwamba kipimajoto husema kweli
ila kiganja husema kwanza.
Kwamba ukwaju hulowekwa, hauchemshwi,
na mteja anayesifu povu hajaonja bado.

Kitu kimoja nilimnyima kwa makusudi.
Mama alinilea kwa methali,
na ile ya mgema niliibandika kichwani
kama lile fuvu la hatari kwenye nguzo ya stima:
akisifiwa, tembo hulitia maji.
Basi miaka miwili na miezi minne
sikumsifu.

Jumamosi moja ya Aprili stima ikakatika saa mbili usiku.
Mimi nilikuwa matangani Marafa, simu imekufa.
Joto likaanza kupanda tangi la pili.
Nyevu akaazima mkokoteni, akaenda soko la samaki,
akarudi na barafu yenye magamba ya changu,
akalivika tangi magunia, akalifunga kwa barafu,
ikayeyuka, akarudi tena.
Safari nne. Mlinzi ndiye aliyenihesabia, baadaye.

Nilifika saa moja asubuhi.
Lita mia tano, zimepona.
Nikaweka kiganja kwenye chuma, nikajua.
Kisha nikatazama chini, nikasema:
"Sakafu ina maji."

Akachukua tambara.

Barua aliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo.
Nilisoma vipimo kwanza; vyote vilikuwa sahihi.
Nikampandishia mshahara papo hapo, elfu tatu,
nikazitoa taslimu ili azione.
Akazihesabu, akazipanga, akazirudisha mezani.

"Baba yangu ni mgema," akasema.
"Minazi ishirini na miwili, asubuhi na jioni.
Methali ile aliitunga mnywaji.
Angeitunga mgema, ingesema mengine."

Nikamuuliza, mengine yapi?
Akacheka kidogo, akaninyooshea funguo.

Sasa yuko Watamu, nasikia, na matangi hayamchachii.
Mimi nina Chengo, wiki ya tatu, brashi mkononi.
Jana aliinama juu ya pipa la saba
akasema, "Hili bado."
Lilikuwa safi. Alikosea.
Lakini aliinama bila kutumwa,
nami nikafungua kinywa, na maneno yakawa mazito
kama ya lugha niliyojifunzia uzeeni:
"Pua yako... inatafuta. Ni vizuri."

Akasimama wima. Brashi ikamdondoka.
"Kuna kosa nimefanya, mkuu?"
"Hapana," nikasema. "Nasema tu."

Sakafu ilikuwa na maji.
Tambara lilikuwa karibu na mimi
kuliko yeye.